Simu Imesasishwa, Programu ya Pesa Imekataa Kufunguka: Anza Hapa Kabla ya Kubonyeza Kitu Kingine

Jumamosi moja, saa moja na nusu asubuhi, shangazi yangu alinipigia simu. Ana duka la rejareja Githurai, na mwenye duka akikupigia saa kama hiyo ujue si salamu anataka.

"Hii simu imekula pesa," akaniambia. "Elfu kumi na nane na mia nne. Na dereva wa sukari amesimama hapa mlangoni."

Nikamwomba anieleze pole pole. Usiku uliotangulia simu ilimwuliza kama anataka kusasisha mfumo. Akabonyeza ndiyo, akaiweka kwenye chaji, akalala. Asubuhi simu ikaamka na sura mpya, picha za programu zikiwa za duara. Mzigo wa sukari na unga ukafika. Akafungua programu ya pesa, akaweka nambari ya till ya muuzaji wa jumla, akaweka shilingi 18,400, akaweka PIN, akabonyeza kutuma. Skrini ikawa nyeusi, programu ikajifunga yenyewe. Tangu hapo kila akiifungua inaonyesha nembo, kisha inapotea. Ujumbe wa kuthibitisha haukuja. Dereva naye anasema hajaambiwa kitu na bosi wake.

Kufikia wakati ananipigia, alikuwa ameshapewa ushauri na watu watatu. Dereva alimwambia atume tena. Kijana wa duka jirani alimwambia arudishe simu ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Na mtu fulani kwenye Facebook, mwenye picha ya nembo ya kampuni, alikuwa amemwandikia kwa siri akimwomba nambari ya kitambulisho na PIN "ili amrekebishie akaunti".

Ushauri wa kwanza ungempotezea shilingi 18,400 nyingine. Wa pili ungempotezea picha, nambari za wateja na nusu siku ya kazi. Wa tatu ungemaliza kila kitu kilichobaki.

Makala hii ni ya mtu aliye kwenye hali kama ile. Mimi si mhandisi, nilisomea masoko. Lakini kwa kazi yangu ya kuandikia wateja nimekaa sana na wenzangu wa kitengo cha ufundi, na jambo moja wanalolirudia ni hili: programu ikivunjika baada ya sasisho, usikimbilie kurekebisha. Kwanza tenganisha pesa na programu. Kisha tafuta kilichobadilika. Hapo ndipo uguse, ukianzia na kile kisichoweza kuharibu.

Pesa zako haziko ndani ya simu

Hili tulimalize mapema kwa sababu ndilo linaloleta hofu.

Unapoweka pesa kwa wakala, noti haziingii kwenye simu. Kinachotokea ni kwamba kampuni inaandika kwenye seva zake kwamba nambari yako ina kiasi fulani. Pesa zenyewe hukaa kwenye akaunti za amana katika benki, kama kanuni za mfumo wa malipo wa taifa za mwaka wa 2014 zinavyotaka hapa Kenya. Programu kwenye simu yako ni dirisha tu la kuchungulia daftari hilo na kuandika maagizo.

Dirisha likivunjika, daftari liko pale pale. Ndiyo maana mtu akiibiwa simu, akarudisha laini yake kwenye simu nyingine, hukuta salio lake lilivyokuwa.

Na daftari lina mlango mwingine: msimbo wa USSD, ule unaoanza na nyota na kuishia na alama ya reli. Kwa wateja wa M-PESA, kwa mfano, ni *334#. Msimbo huu hautegemei programu uliyosakinisha, hautumii data, na hata kabambe ya vibonyezo huupiga bila shida. Sasisho la mfumo likivuruga programu, mara nyingi mlango huu bado uko wazi.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma pesa mara ya pili, piga msimbo. Angalia salio, kisha angalia taarifa fupi ya malipo ya mwisho. Usitegemee kwamba ujumbe haujafika, wala usitegemee kwamba skrini ilizima. Agizo linaweza kuwa lilishafika kwenye seva sekunde moja kabla ya programu kujifunga.

Shangazi alipopiga, salio lilikuwa limepungua. Taarifa fupi ilionyesha malipo ya 18,400 kwa ile till. Nikamwambia amwombe dereva apige simu kwa bosi wake pale stoo, aangalie simu ya till. Pesa zilikuwa zimeingia dakika ishirini zilizopita. Ingekuwa ametuma tena, sasa tungekuwa tunazungumza habari ya kurudishiwa, na hiyo ni safari nyingine.

Mzigo ukashuka. Sasa tukawa na muda wa kuangalia simu.

Sasisho hubadilisha nini hasa?

Simu ya Android imejengwa juu ya Linux. Linux ni kiini cha mfumo kilichoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kiini hicho ndicho kinachogawa kumbukumbu, kuongea na skrini, redio na betri, na kuamua programu gani ipewe nini. Kiini cha aina hiyo hiyo kinaendesha seva nyingi za intaneti, na pia kompyuta za Ubuntu ambazo huenda umeziona kwenye cyber ya mtaani. Juu ya kiini kuna tabaka nyingine: maktaba za programu, ruhusa, vipande vya kuonyesha kurasa. Programu ya pesa inakaa juu kabisa.

Fikiria ploti ya kupangisha. Programu ni mpangaji, mfumo ni ploti. Usiku mwenye nyumba akibadilisha kufuli ya geti kwa sababu za usalama, amefanya jambo zuri. Lakini asubuhi mpangaji akija na ufunguo wa zamani, geti halifunguki. Mpangaji hajakosa. Vitu vyake havijaibiwa. Anachohitaji ni ufunguo mpya.

Watengenezaji wa kiini cha Linux wana msimamo mkali kwamba mabadiliko ya kiini yasivunje programu iliyokuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo mara nyingi tatizo halitoki chini kabisa. Linatoka kwenye zile tabaka za katikati.

Mfano mzuri ni wa Machi 2021. Tarehe 22 mwezi huo, watu katika nchi nyingi waliona programu zao za Android zikifunguka na kujifunga, Gmail ikiwa mojawapo. Wengi walifikiri simu zimeharibika. Kumbe programu zenyewe hazikuwa na kosa. Kilichokuwa kimebadilika ni Android System WebView, kipande cha mfumo ambacho programu nyingi hukitumia kuonyesha kurasa za intaneti ndani yao. Google ikatoa toleo jipya la WebView na la Chrome, na waliosasisha hivyo viwili wakaendelea na kazi.

Tukio lile lina mafunzo mawili. Programu inayojifunga si lazima iwe ndiyo mgonjwa. Na dawa ya sasisho bovu mara nyingi ni sasisho jingine. Aliyefuta kila kitu kwenye simu yake siku ile alijitesa bure.

Maswali manne kabla ya kugusa chochote

Fundi mzuri huuliza kabla ya kushika bisibisi. Wewe pia jiulize.

1. Je, msimbo wa USSD unafanya kazi? Ukifanya kazi, akaunti na laini yako ziko sawa. Shida iko kwenye programu au simu. Ukikataa pia, huenda ni mtandao au ni upande wetu. Hapo usiguse simu, subiri kidogo.

2. Je, mtu mwingine mwenye programu hiyo hiyo anaifungua? Muulize jirani au mtu wa nyumbani. Kama na yeye imemkatalia, si simu yako.

3. Ni programu hii pekee au kuna nyingine zinazojifunga? Zikiwa nyingi, tazama kipande kinachotumiwa na zote, kama WebView, au nafasi iliyobaki kwenye simu. Ikiwa ni moja tu, tazama programu yenyewe na ruhusa zake.

4. Ni nini kilichobadilika tangu jana ilipokuwa ikifanya kazi? Mfumo mpya? Laini uliyohamisha? Alama mpya ya kidole? Kikiwa kimoja, umeshapata pa kuanzia.

Chukua pia picha ya skrini ya ujumbe wowote wa kosa unaotokea. Usiseme tu "imekataa". Maneno yale madogo ndiyo yanayomwambia fundi shida iko wapi.

Hatua kwa hatua, kuanzia laini hadi kali

Fuata mpangilio huu. Ukifika mahali programu imefunguka, simama hapo. Usiendelee kubonyeza kwa sababu tu orodha haijaisha.

*Hatua ya 1: Zima simu kabisa, kisha uiwashe.* Baada ya sasisho kubwa, simu huendelea kupanga programu upya kwa muda. Ipe dakika kumi ikiwa kwenye chaji kabla ya kuihukumu.

*Hatua ya 2: Angalia saa na tarehe.* Linaonekana jambo dogo, lakini mawasiliano salama kati ya programu na seva hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu ikidhani tuko mwaka mwingine, cheti kinaonekana hakifai na programu inakataa kuunganishwa. Weka saa na tarehe zijipange zenyewe kutoka kwa mtandao.

*Hatua ya 3: Angalia nafasi iliyobaki.* Mfumo mpya mara nyingi hula nafasi kuliko ule wa zamani. Simu ikijaa, programu hukosa mahali pa kuandika faili zake za muda, kwa hiyo inajifunga. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: simu iliyojaa inaweza pia kukataa kupokea ujumbe mfupi. Malipo yamepita, lakini ujumbe wa kuthibitisha umebaki mlangoni. Futa video za makundi ya WhatsApp na vitu usivyohitaji mpaka upate angalau gigabaiti moja au mbili.

*Hatua ya 4: Sasisha programu kutoka Play Store.* Anza na Android System WebView na Chrome, kisha programu ya pesa yenyewe. Huu ndio ule ufunguo mpya wa geti. Mfumo umeshabadilika, na huenda watengenezaji wa programu walishatoa toleo linaloendana nao.

*Hatua ya 5: Kagua ruhusa na laini.* Tangu Android 6 ya mwaka wa 2015, programu huomba ruhusa moja moja ukiwa unaitumia. Tangu Android 11 ya mwaka wa 2020, mfumo unaweza kuondoa ruhusa za programu ambayo hujaifungua kwa miezi kadhaa. Nenda kwenye Mipangilio, kisha Programu, chagua programu ya pesa, fungua Ruhusa. Programu nyingi za pesa zinahitaji ruhusa ya simu ili kuhakikisha laini iliyosajiliwa ndiyo iliyo ndani. Kama una laini mbili, hakikisha data inapita kwenye ile ya pesa. Ukiwa kwenye Wi-Fi, izime kwanza ujaribu na bando, kwa sababu kuna programu zinazothibitisha laini kupitia data ya mtandao wenyewe.

*Hatua ya 6: Futa akiba ya programu.* Tulia, najua neno hili linatisha kwenye blogu ya pesa! Simu nyingi zilizowekwa Kiswahili zina kitufe kilichoandikwa "Futa akiba". Hapo akiba si ile uliyojiwekea kwa karo ya shule. Ni faili za muda ambazo programu imejihifadhia ili ifunguke haraka. Baada ya sasisho, faili hizo za zamani zinaweza kugongana na mfumo mpya. Ukizifuta, salio halipungui hata senti.

*Hatua ya 7: Ingia kwa PIN badala ya kidole.* Ukiongeza alama mpya ya kidole kwenye simu, programu nyingi za pesa hufunga mlango wa kidole na kukuuliza PIN tena. Hilo si kosa. Ni ulinzi, ili mtu asiongeze kidole chake na kuingia kwenye akaunti yako.

*Hatua ya 8: Ondoa programu, kisha isakinishe upya kutoka Play Store.* Hii iwe ya mwisho. Kabla ya kufanya hivyo hakikisha unakumbuka PIN, laini iliyosajiliwa iko ndani ya simu, na una bando la kutosha, kwa sababu utathibitishwa upya kama mteja mpya. Orodha ya malipo uliyoyahifadhi kwa ajili ya kurudia, kama nambari ya mita ya stima au till za wauzaji wako, inaweza kupotea. Zinakili pembeni kama unaweza kuziona.

Mambo manne ya kukataa, hata ukishauriwa na rafiki

*Usirudishe simu ilivyotoka kiwandani.* Hatua hiyo haikurudishi kwenye mfumo wa zamani. Inafuta vitu vyako na kukuacha na mfumo ule ule mpya. Kama shida ni programu kutolingana na mfumo, utapoteza kila kitu na bado itajifunga.

*Usisakinishe programu ya pesa iliyotumwa kwa WhatsApp au kwa kiungo.* Mtu atakuambia ana "toleo la zamani lililokuwa linafanya kazi". Huwezi kujua ndani mmewekwa nini. Programu ya pesa itoke dukani rasmi pekee.

*Usikubali fundi aondoe kinga ya mfumo.* Kuna mafundi wanaofungua simu ili wapate mamlaka yote juu yake. Programu nyingi za pesa na za benki hukagua jambo hilo na kukataa kufunguka. Utakuwa umetibu kikohozi kwa kuvunja mbavu.

*Usimpe mtu PIN.* Hakuna hatua hata moja kati ya nane nilizotaja inayohitaji mtu mwingine ajue PIN yako. Mfanyakazi wetu wa kweli hatakuuliza. Walaghai wanajua kwamba baada ya sasisho watu wengi huandika hadharani "programu yangu imekataa, nisaidieni", na wanangoja pale pale. Yule wa Facebook alimjibu shangazi kwa dakika tatu. Hakuna huduma kwa wateja yenye kasi hiyo saa moja asubuhi, na mimi nafanya kazi humu ndani!

Na kama duka lako linatumia kompyuta ya Linux?

Baadhi ya wateja wetu wa till wana kompyuta ya Ubuntu kaunta, kwa sababu haina malipo ya leseni na inafufua mashine ya zamani. Ikisasishwa usiku na asubuhi ukurasa wa mauzo haufunguki au printa ya risiti imenyamaza, mantiki ni ile ile.

Kwanza, fungua ukurasa wa mauzo kwenye simu. Ukifunguka, akaunti iko sawa, shida ni kompyuta. Jaribu kivinjari kingine kwenye kompyuta hiyo. Kikikubali, shida ni kile kivinjari cha kwanza.

Pili, tazama kilichobadilika. Ubuntu huandika kumbukumbu ya kila kilichosasishwa kwenye faili ya /var/log/apt/history.log, pamoja na tarehe na saa. Tafuta tarehe ya jana. Ukiona jina linalohusu printa, kama cups, na ni printa iliyonyamaza, umepata mshukiwa wa kwanza. Mara nyingi kuiondoa printa kwenye mipangilio na kuiongeza tena kunatosha.

Tatu, kama stima ilipotea katikati ya sasisho, huenda vifurushi vimewekwa nusu nusu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, uandike:

sudo dpkg --configure -a

Hiyo inamalizia ulioanza. Kisha:

sudo apt --fix-broken install

Hiyo inaleta vilivyokosekana. Soma orodha inayotokea kabla ya kukubali. Ukiona inataka kuondoa programu unayoitegemea, jibu hapana na umwite mtu anayejua.

Nne, kama kompyuta yenyewe haiwaki vizuri, au Wi-Fi imepotea, kumbuka Ubuntu huwa haitupi kiini cha zamani mara moja. Iwashe tena ukishikilia Shift, au ukibonyeza Esc kwenye mashine za kisasa, mpaka uone menyu. Chagua Advanced options for Ubuntu, kisha kiini kilicho chini ya kile cha kwanza. Ikikubali na kiini cha jana, umejua tatizo, na duka linaweza kufunguliwa huku ukisubiri marekebisho.

Kwa duka, tumia toleo la Ubuntu la LTS, kama 22.04 au 24.04. Hutolewa kila baada ya miaka miwili na hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano, kwa hiyo hulazimiki kuhamahama.

Ukituandikia, tuandikie hivi

Ukifika mwisho wa hatua na bado imekataa, wasiliana nasi ukianzia ndani ya tovuti yetu au kwa nambari uliyopewa wakati wa kusajiliwa. Usitumie nambari uliyoipata kwenye maoni ya mtu. Tueleze aina ya simu, toleo la Android kama lilivyo kwenye Kuhusu simu, saa ambayo shida ilianza, maneno kamili ya kosa, na hatua ulizojaribu. Kama kuna malipo unayoyatilia shaka, weka kiasi, saa na nambari ya muamala. Barua ya namna hiyo humwezesha fundi kuanza kazi mara moja badala ya kukurudishia maswali siku nzima.

Kabla ya sasisho lijalo

Tafadhali usimalize makala hii ukiapa kwamba hutasasisha tena. Masasisho hufunga matundu ya usalama, na simu ambayo inashika pesa zako ndiyo inayoyahitaji kuliko zote. La maana ni wakati na maandalizi.

- Usisasishe mfumo usiku wa kuamkia siku ya mzigo, siku ya mishahara, au siku ya kulipa karo. Chagua jioni ambayo kesho yake huna haraka.
- Hakikisha kuna nafasi na betri ya kutosha, au chaji.
- Sasisha programu zako Play Store kabla ya mfumo, na tena baada ya mfumo.
- Andika mahali nambari za till na za mita unazotumia sana. PIN usiiandike.
- Asubuhi yake, fungua programu na uangalie salio kabla ya mteja wa kwanza. Usingoje kugundua shida mbele ya dereva.

Simu ya shangazi ilikuwa imejaa. Mfumo mpya ulikuwa umekula nafasi iliyokuwa imebaki, na kilichoijaza kabla ya hapo ni video za kundi la chama na za harusi ya binamu. Tulipozifuta, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia wenyewe, umechelewa saa nzima. Play Store ikaweza kusasisha WebView na programu ya pesa. Saa tatu kasoro ilikuwa imefunguka.

"Kumbe haikuwa imekula," akasema. Kisha akaniuliza swali lililonifanya niandike haya: "Na kama singekupata kwa simu?"

Basi fanya jambo moja leo, hata kama programu yako iko sawa. Piga msimbo wa USSD wa huduma yako, angalia salio, tafuta mahali taarifa fupi ilipo kwenye menyu. Mwonyeshe pia mzazi wako au yule anayekuuzia mboga. Itamchukua dakika moja, na siku simu itakapoamka na sura mpya, atajua mlango mwingine uko wapi.